Joto la Bati na Dari za Dodoma

Mwezi wa Oktoba, yapata saa saba mchana, darasa lililoezekwa kwa bati mjini Dodoma huwa mahali pagumu pa kufundishia. Madirisha yote huwa wazi, upepo wa bara huingia na kutoka, na hata hivyo vichwa vya wanafunzi huinamia madawati kimoja baada ya kingine. Ni desturi ya walimu wengi kuuita usingizi huo uvivu wa mchana. Lakini uvivu huo una chanzo kinachoweza kupimwa kwa kipimajoto, nacho hakimo ndani ya mwanafunzi. Kiko meta tatu juu ya kichwa chake.

Dodoma iko kwenye latitudo ya nyuzi 6 hivi kusini mwa Ikweta, katika uwanda ulioinuka zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua yake, ambayo wastani wake ni milimeta 570 hivi kwa mwaka, hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi saba inayobaki anga huwa kavu na mawingu ni haba. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena katika juma la pili la Oktoba, jua la adhuhuri hupita karibu wima juu ya mji. Mwezi wa Machi mawingu ya masika hulipunguza makali. Mwezi wa Oktoba hakuna cha kulipunguza.

Jua likiwa utosini, kuta za nyumba hupata miale kidogo sana, kwa kuwa miale hiyo huteremka sambamba nazo. Paa ndilo linaloipokea yote, na katika anga safi kiasi chake hukaribia wati 1,000 kwa kila meta ya mraba. Hapa ndipo ujenzi wa nchi za baridi unapotofautiana kabisa na ujenzi wetu. Vitabu vya Ulaya humfundisha mjenzi kuivika nyumba koti, yaani kuzihami kuta zote dhidi ya baridi ya nje. Nyumba ya Dodoma inahitaji kofia kwanza. Koti linaweza kungoja.

Swali la mwanafunzi

Mwalimu wa fizikia anayeanza kulieleza jambo hili hukutana mara na swali moja, nalo ni swali zuri. Ikiwa joto hupanda juu, kama kitabu kinavyosema, joto la bati huwafikiaje watu walio chini yake? Je, halipaswi kupaa angani?

Kosa limo katika usemi wenyewe. Kinachopanda juu ni hewa yenye joto, kwa sababu ni nyepesi kuliko hewa baridi inayoizunguka. Usafiri huo wa joto pamoja na hewa au kimiminiko huitwa myuko. Joto lenyewe halina juu wala chini. Kwa mpitisho hupita katika kitu kigumu kuelekea upande wowote ulio baridi zaidi, na kwa mnururisho hutoka katika kila kitu kama miale, nayo miale huteremka kwa wepesi uleule inaopandia. Jua lenyewe hutuletea joto likiwa juu yetu.

Bati kuukuu lenye kutu, likipigwa na jua la Oktoba, laweza kufikia nyuzi 65 za Sentigredi, ambazo ni sawa na kelvini 338. Kwa kanuni ya Stefan, ambayo mwanafunzi wa kidato cha tano ataikumbuka, mnururisho huongezeka kwa kipeo cha nne cha halijoto. Kitu cheusi kabisa chenye kelvini 338 hunururisha wati 740 hivi kwa meta ya mraba. Dari iliyo chini yake, yenye nyuzi 35, ikirudisha wati 510. Tofauti ni wati 230 zinazoteremka, wakati hewa moto iliyonaswa darini haisogei hata sentimeta moja kuelekea chini.

Bati lenye kutu hukaribia tabia ya kitu cheusi kiasi cha kutosha. Bati jipya linalong'aa halifanyi hivyo: huurudisha angani mwanga mwingi wa jua, na upande wake wa chini hunururisha sehemu ndogo tu ya kiasi kilichotajwa. Kwa hiyo paa kuukuu humdhulumu mwenye nyumba mara mbili, kwanza kwa kumeza jua zaidi na pili kwa kulitema zaidi ndani. Mtu anayelalamika kwamba nyumba yake imezidi kuwa na joto tangu bati lilipoanza kushika kutu hakosei hata kidogo.

Paa la tembe

Kabla ya bati, watu wa nyanda za kati walikuwa na jibu lao. Wagogo, na majirani zao wengi wa Kondoa, Singida na Iringa, walijenga tembe: nyumba ndefu ya mraba au mstatili inayozunguka ua wa ng'ombe, yenye kuta za miti na udongo na paa bapa. Paa hilo hulazwa juu ya nguzo na boriti za miti migumu. Juu ya boriti huja fito zilizobanwa, juu ya fito huja matawi au nyasi, na mwisho kabisa udongo unaopondwa na kusawazishwa. Wasafiri wa misafara ya karne ya 19 waliolivuka Ugogo waliliona paa hilo na kuliandika, kwa kuwa hawakuwa wamezoea kuona nyumba inayovikwa ardhi.

Wazee waliokulia ndani ya tembe husema kwamba mchana lilikuwa na ubaridi na usiku lilikuwa na vuguvugu. Ushuhuda huo ni wa kweli na fizikia yaukubali. Ila sababu inayotolewa kwa kawaida, kwamba udongo huzuia joto, si sahihi, na kosa hili si dogo kwa sababu limewapoteza hata wajenzi wa kisasa.

Udongo si kihami kizuri. Upitishaji wake wa joto ukiwa mkavu ni wati 0.8 hivi kwa meta kwa kelvini. Pumba za mpunga zilizomwagwa bila kushindiliwa hupitisha wati 0.05 tu. Maana yake ni kwamba udongo wenye unene wa sentimeta 20, ambao ni mzigo wa kilo 320 kwa kila meta ya mraba ya paa, huzuia joto kama pumba za unene wa sentimeta moja na robo. Kama kazi ya tembe ingekuwa kuzuia, basi ingekuwa kazi ya kusikitisha kuliko zote walizowahi kufanya mafundi wa Kigogo.

Tembe halizuii joto, bali hulichelewesha. Uzito ule mkubwa wa udongo lazima upashwe moto tabaka kwa tabaka kabla joto halijatokeza chini. Hesabu ya mawimbi ya joto huonyesha kwamba katika udongo wa sentimeta 20 kilele cha joto huchukua muda wa saa sita hivi kupita, na kinapotokea upande wa pili kimekwisha kupungua hata kubaki kama sehemu ya tano ya ukubwa wake wa awali. Joto lililopiga paa saa saba mchana huwasili ndani saa moja jioni. Katika Julai, wakati usiku wa Dodoma hushuka hadi nyuzi 13 au 14, ujio huo hauna budi kukaribishwa.

Hata hivyo si haki kulisifu tembe bila kuyataja madhara yake. Paa lake hula miti mingi, na miti hiyo huliwa na mchwa. Mvua ikinyesha siku kadhaa mfululizo udongo hunywa maji, uzito huongezeka, paa huvuja, na pengine huanguka na kuua. Ndani mna giza na moshi. Katika nyufa za kuta na vumbi la sakafu huishi papasi, kupe laini anayeuma usiku na kuambukiza homa ya papasi, ugonjwa uliojulikana sana katika vijiji vya Dodoma. Wananchi walipohamishiwa katika vijiji vya ujamaa wakati wa Operesheni Dodoma mwanzoni mwa miaka ya 1970, na baadaye kila mwenye uwezo alipoezeka kwa bati, hawakuacha starehe tupu nyuma yao. Bati lilileta paa lisilovuja, maji safi ya kukinga mvua, na chumba ambacho mtu mrefu anaweza kusimama. Lililoachwa bila kuzibwa ni pengo moja: hakuna kilichowekwa mahali pa ule udongo.

Hesabu ya darasa moja

Pengo hilo linaweza kuzibwa kwa njia mbili, na hazipaswi kuchanganywa. Ya kwanza ni kurudisha uzito, jambo ambalo kenchi za mbao zilizobuniwa kubeba bati haziwezi kulistahimili. Ya pili ni kuzuia, na hapo kinachohitajika ni hewa iliyotulia. Hewa isiyosogea hupitisha joto kidogo kuliko karibu kila kitu kinachopatikana kwa bei nafuu, wati 0.025 tu kwa meta kwa kelvini. Shida yake ni kwamba haipendi kutulia. Pumba, unga wa mbao, sufi ya kioo na karatasi zilizosagwa hufanya kazi moja tu: huikata hewa katika vyumba vidogo vidogo hata isipate nafasi ya kuzunguka. Ndiyo sababu vitu hivyo humwagwa vikiwa vimelegea. Anayevikanyaga au kuvishindilia ili viingie vingi zaidi hufukuza hewa, yaani hutupa kihami na kubaki na gunia.

Na tuchukue darasa la meta 8 kwa 7, ambalo dari yake ina meta za mraba 56. Hewa iliyo kati ya bati na dari iwe nyuzi 50, na ya darasani iwe nyuzi 30. Ukinzani wa bamba la dari pamoja na matabaka ya hewa yanayoigusa uchukuliwe kuwa 0.4. Joto linaloteremka ni 20 kugawanya kwa 0.4, yaani wati 50 kwa meta ya mraba, na kwa dari nzima wati 2,800. Hiyo ni sawa na pasi za umeme tatu kasoro kidogo, zikiwa zimewashwa na kuelekezwa chini, mchana kutwa.

Zikimwagwa pumba za sentimeta 5, ukinzani huongezeka kwa 1 na joto hushuka hadi wati 800. Pumba za sentimeta 10 hulifikisha wati 467. Za sentimeta 20 hulifikisha wati 255. Mwanafunzi atazame vizuri mfululizo huo. Sentimeta tano za kwanza zimeondoa wati 2,000. Tano zilizofuata zimeondoa 333. Na kumi za mwisho, ambazo gharama yake ni sawa na zote zilizotangulia, zimeondoa wati 212 tu. Uingereza au Kanada, ambako tofauti ya halijoto kati ya ndani na nje hudumu miezi mingi na kuni za kupasha nyumba ni ghali, watu hujaza sentimeta 30 na wana haki. Kwa Dodoma sentimeta 10 zatosha.

Hesabu hiyohiyo hutoa onyo ambalo mafundi hawalitazamii. Tuseme fundi amejaza sentimeta 10 kwa uangalifu, lakini amechoka kufikia pembeni ambako paa hukaribia dari, akaacha sehemu moja ya kumi ya eneo bila kitu. Sehemu hiyo hupitisha wati 50 kwa meta ya mraba kama zamani, na iliyofunikwa hupitisha 8.3. Jumla ya darasa zima huwa wati 700 badala ya 467. Sehemu ya kumi imeongeza joto kwa nusu nzima. Joto ni kama maji katika mtungi uliotoboka: halijali ukubwa wa sehemu iliyo nzima.

Kujaza kwa nini?

Katika nyanda za kati mabaki ya mazao hayakosekani, ila si kila baki linafaa kuwekwa juu ya vichwa vya watu. Pumba za mpunga, yaani yale maganda makavu yanayobaki mpunga unapokobolewa, hupatikana karibu, kwa kuwa Bahi hulima mpunga. Hizo ndizo za kwanza kwa ubora. Ganda la mpunga lina silika nyingi, kiasi kwamba likichomwa huacha majivu yanayokaribia sehemu ya tano ya uzito wake. Silika hiyo huifanya pumba iwe ngumu kuoza, isiwavutie sana wadudu, na ishike moto polepole. Uzito wake ni kilo 100 hivi kwa meta ya ujazo, hivyo darasa letu litabeba kilo 560, sawa na magunia sita ya mahindi yaliyotandazwa dari nzima. Mzigo huo si mkubwa, lakini si wa kudharauliwa pia. Dari iliyokwisha kulegea itengenezwe kwanza, na mbao zake ziongezwe.

Unga wa mbao kutoka kwenye viwanda vya maseremala hufuata. Huhami karibu sawa na pumba, lakini mchwa huupenda na moto hutambaa ndani yake bila kuonekana, pengine kwa saa nyingi. Mafundi wa zamani wa nchi nyingi waliuchanganya na chokaa kavu ili kuwafukuza wadudu. Viwanda vya leo vinavyotengeneza kihami kutokana na magazeti makuukuu hutumia chumvi za boroni, ambazo huzuia moto na wadudu kwa pamoja.

Maganda ya karanga, ambayo Kongwa ingeyarundika kama milima iwapo ule mpango wa karanga wa Waingereza wa mwaka 1947 hadi 1951 ungefaulu, huwaka upesi mno. Maganda ya alizeti hubaki na mafuta na yanafaa zaidi jikoni. Kuyaweka darini ni kulala chini ya kuni.

Pumba zozote zipepetwe kwanza. Punje chache zilizosalia ni mwaliko kwa panya, na panya wakishaingia hawaondoki kwa sababu punje zimekwisha. Zaidi ya yote zikae kavu. Maji hupitisha joto mara 24 kuliko hewa, kwa hiyo pumba zilizolowa si kihami tena bali ni uchafu mzito unaoozesha mbao. Misumari ya bati ikaguliwe na matundu yazibwe mwezi wa Novemba, kabla ya mvua, na si baada ya doa la kwanza kuonekana darini.

Mfano wa Canberra

Kuna kihami kingine, na historia yake inawahusu wakazi wa mji mkuu kwa namna ya pekee. Canberra, kama Dodoma, ni mji uliochaguliwa na kupangwa mbali na pwani uwe makao makuu ya nchi. Kati ya mwaka 1968 na 1979 nyumba zaidi ya elfu moja za mji huo na za jirani yake zilijazwa darini nyuzi za asbesto tupu, zikipulizwa kwa mashine. Kama kihami nyuzi zile zilifanya kazi barabara: hazikuungua, hazikuoza, hazikuliwa na mdudu. Lakini uzi mmoja wa asbesto ni mwembamba kiasi cha kuelea hewani bila kuonekana, ukivutwa hubaki pafuni, na baada ya miaka 20, 30 au 40 huweza kuleta saratani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali ya huko ilianza kuzisafisha dari hizo. Baadaye ikabainika kwamba nyuzi zilikuwa zimepenya ndani ya kuta na kabati, na mwaka 2014 ikaamuliwa kwamba nyumba zinunuliwe na kubomolewa.

Dodoma haikupata janga la aina hiyo. Lakini Tanzania, kama nchi nyingi, iliezeka baadhi ya majengo ya umma ya miaka ya 1960 hadi 1980 kwa mabamba ya saruji yenye asbesto, na mengine yangalipo. Bamba zima lisiloguswa halina hatari kubwa. Hatari huzaliwa linapotobolewa, kukatwa, kuvunjwa au kufagiliwa vumbi lake. Kwa hiyo shule au nyumba yenye paa au dari ya namna hiyo isiguswe na fundi wa kawaida, wala wanafunzi wasitumwe kuisafisha. Kazi hiyo ina wataalamu wake na sheria zake.

Australia hiyohiyo ilitoa funzo la pili. Mwaka 2009 serikali yake ilianzisha mpango wa haraka wa kuhami dari za nyumba nchini kote, na makampuni mapya yakawaajiri vijana wasio na mafunzo. Kabla mpango haujafungwa Februari 2010, vijana wanne walikuwa wamekufa: watatu kwa kupigwa na umeme darini, na mmoja kwa joto. Hicho cha nne kinastahili kutafakariwa na fundi wa Dodoma. Kijana yule hakuanguka wala hakuguswa na waya. Mwili wake ulishindwa kupoa.

Kazi ya darini huku kwetu basi ianze alfajiri, saa kumi na mbili asubuhi, na ikome kabla ya saa tatu. Swichi kuu ya umeme izimwe, si ile ya taa pekee. Mfanyakazi akanyage juu ya mbao na asikanyage bamba la dari, afunike pua na mdomo kwa kitambaa kizito au barakoa, na awepo mwenzake chini ya tundu la dari anayemsemesha. Waya za umeme zisizikwe ndani ya pumba, kwa maana waya unaobeba mkondo mkubwa hutoa joto, na likikosa njia ya kutoka gome lake huyeyuka. Taa zilizotumbukizwa darini ziachiwe nafasi wazi ya kiganja kizima pande zote, na pumba zizuiwe kwa ukuta mdogo wa bati. Matundu ya hewa ya pembeni mwa paa yaachwe wazi. Hayatoshi peke yake kuipoza nyumba, kwa kuwa miale hupita katika hewa bila kuijali, lakini huikausha dari.

Nyumba isiyo na dari

Nyumba nyingi za vijijini, na si chache za mjini, hazina dari kabisa. Kwa hizo mazungumzo ya pumba ni ya mapema. Hatua ya kwanza na ya bei nafuu ni kulipaka bati rangi nyeupe. Rangi nyeupe safi hurudisha angani sehemu kubwa ya nishati ya jua ambayo kutu ingeimeza, na tofauti huhisiwa siku hiyohiyo. Vumbi la Dodoma hulichafua paa hilo, na mvua za Desemba hulisafisha. Kwa bahati mbaya uchafu hufikia upeo wake Oktoba na Novemba, miezi ileile ambayo weupe unahitajika zaidi. Ndoo chache za maji hutosha kurekebisha mpangilio huo wa tabianchi, pale ambapo maji yenyewe hayatafutwi kwa taabu.

Rangi nyeupe haisaidii usiku. Bati hunururisha joto lake kuelekea anga kavu la Julai, hata hupoa kuliko hewa inayolizunguka, na chumba kisicho na dari hupoa pamoja nalo. Hapo pumba hufanya kazi ileile kwa upande wa pili, zikilizuia joto la ndani lisipande. Mwenye nyumba aliyejaza dari yake kwa ajili ya Oktoba hupata Julai kama nyongeza.

Kwa shule inayotaka kujaribu, gharama ni ndogo. Yatafutwe masanduku matatu ya mbao au ya karatasi ngumu yanayolingana, na kila moja litobolewe ubavuni tundu la kupitisha kipimajoto. La kwanza lifunikwe kwa kipande cha bati chenye kutu peke yake. La pili liwekewe dari ya ubao mwembamba na pumba za sentimeta 10 juu yake, kisha bati. La tatu lifunikwe kwa ubao imara na udongo mkavu wa sentimeta 10, kwa mfano wa tembe. Yawekwe juani kwa umbali unaotosha yasitiane kivuli, na halijoto isomwe kila nusu saa tangu saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, kisha michoro mitatu ichorwe kwenye karatasi moja. Mchoro wa bati utapanda na kushuka pamoja na jua. Mchoro wa pumba utabaki chini, ukiinuka kidogo tu. Mchoro wa udongo utaanza kwa upole asubuhi, ukipanda wakati ule wa bati umekwisha kugeuka, na baada ya jua kuzama, wakati sanduku la kwanza limekwisha kuwa baridi kuliko hewa ya nje, sanduku la udongo ndilo litakalokuwa na joto kuliko yote matatu.